Chuo kinauliza kwa nini umekichagua: jibu kwa binti wa Kirumba

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nimemaliza kidato cha sita mwaka huu hapa Mwanza, mchepuo wa CBG (kemia, baiolojia na jiografia), na majuzi nimerudi JKT. Ninaomba vyuo vya Marekani. Kimoja kinataka insha ya maneno 250: kwa nini umechagua chuo hiki? Ukweli ni kwamba nimekichagua kwa sababu kinawapa ufadhili wanafunzi wa nje, na kaka mmoja wa mtaani kwetu alisoma huko akatoka vizuri. Siwezi kuandika hivyo. Nimeandika kwamba ni chuo bora, kina walimu mahiri na mazingira mazuri ya kujifunzia. Kaka yangu anasema inatosha, nitume. Mimi moyo haujatulia. Baba anauza dagaa hapa Kirumba, na mvua hizi mzigo umeharibika tukauzia watu wa chakula cha kuku, kwa hiyo hata hela ya bando naipigia hesabu, sina nafasi ya kubahatisha. Nimeambatanisha insha. Naomba unisaidie.

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mpe baba pole ya mzigo.

Moyo wako una haki ya kutotulia. Insha nimeisoma mara mbili. Ina maneno 248, Kiingereza chake ni safi, na enzi zangu za chaki ningekupa alama nzuri tu. Jina la chuo umelitaja mara sita. Nikaliziba kwa kidole gumba, nikatia jina la chuo kingine, cha jimbo jingine kabisa, nikasoma upya. Ikasomeka vilevile. Nikajaribu na chuo cha hapa Nyegezi ambacho nakipita kila nikipanda daladala. Ikasomeka vizuri zaidi, maana ulikuwa umesifia utulivu wa mandhari, na kile kiko jirani na ziwa.

Sikulaumu. Hapa kwetu nani aliwahi kukuuliza kwa nini? Ukimaliza kidato cha sita unaangalia ufaulu wako, unaangalia kozi inataka alama ngapi, unajaza, unasubiri majina yatoke. Barua pekee tuliyofundishwa kuandika kwa mtu mkubwa ni ile ya kuomba kazi, nayo tumefundishwa iwe na heshima na taadhima, imsifie mwajiri, na mwandishi ajikunje pembeni kama mgeni aliyekuja bila taarifa. Mimi mwenyewe nimeifundisha miaka mingi. Kwa mwajiri wa Mwanza huenda ikafaa. Kwa swali uliloulizwa haifai hata kidogo, kwa sababu chuo hakikukuuliza kama ni kizuri. Kizuri chajiuza. Kile kimejiuza tayari, ndiyo maana unakiomba.

Fikiria posa. Mshenga akifika ukweni akaanza kuwaeleza wazee kwamba binti yao ni mzuri, ana adabu na anajua kupika, watamsikiliza kwa sababu ya ustaarabu tu. Hayo wanayajua, wamemlea wao. Wanachosubiri ni habari za kijana: ni wa nani, anafanya nini, na kwa nini amepita nyumba zote za mtaa huu akaja kubisha hodi hapa. Insha yako imesifia binti kwa maneno 248 na kijana hajatajwa.

Wale wa ofisi ya udahili wana mambo mawili wanayoyatafuta. La kwanza: je, huyu ametutazama kweli, au amejaza fomu ishirini usiku mmoja? Common App, ule mfumo wa mtandaoni wa kuomba vyuo vingi kwa fomu moja, inaruhusu vyuo hadi 20 kwa mwombaji mmoja, na wao wanalijua hilo. Chuo kikikukubali halafu usiende, nafasi yako inabaki wazi na hesabu zao zinaharibika, ndiyo maana baadhi ya vyuo hupima hamu ya mwombaji kabisa. Si vyote. Vyuo vingi vya Marekani hutoa kila mwaka jedwali la takwimu liitwalo Common Data Set. Tafuta jina la chuo chako pamoja na maneno hayo, shuka mpaka sehemu ya C7, utaona kama hamu ya mwombaji inahesabiwa au haihesabiwi. Ukishalifungua, usilifunge mpaka ufike H6, penye habari ya msaada wa fedha kwa wanafunzi wa nje: wangapi walipata, na kwa wastani kiasi gani. Kurasa hizo mbili zitakuokolea bando kuliko video zote za mtandaoni.

La pili ndilo lenye uzito zaidi: ukifika utafanya nini? Hapa hawaulizi ndoto ya kuwa daktari au waziri. Wanataka kujua Jumanne ya mwezi wa pili, theluji iko nje, wewe uko kwenye maabara ipi, unahangaika na swali gani, na mwenzako wa bwenini anapata faida gani kwa kuwa na wewe chumbani.

Sasa turudi kwenye barua yako. Barua, si insha. Insha niliisoma bila kukuona, lakini barua pepe uliyonitumia nilikuona humo mara moja, kwenye sentensi uliyoipitisha kama kitu kisicho na maana: mvua hizi mzigo umeharibika tukauzia watu wa chakula cha kuku. Hapo nikaweka kikombe cha chai mezani.

Kwa nini mzigo unaharibika? Najua utaniambia ni mvua, na mtu yeyote wa mwaloni, pale soko la samaki, atasema hivyo. Lakini wewe umesoma kemia na baiolojia miaka sita. Dagaa anavuliwa usiku wa giza, taa zinamwita juu, asubuhi anamwagwa mchangani au kwenye nyavu kuukuu zilizotandazwa chini. Jua likiwaka anakauka. Likikosekana, ndani ya saa chache kuna mambo matatu yanatokea kwa pamoja: bakteria wanazaliana kwenye unyevu, mafuta ya samaki yanachacha kwa kukutana na hewa, na mchanga unagandamana na nyama laini mpaka mlaji anautafuna. Ndoo ileile ambayo juzi ilikuwa chakula cha mtu, leo inapimwa kwa bei ya kuku. Samaki ni yuleyule, mvuvi ni yuleyule, mafuta ya injini yaliyotumika ni yaleyale. Kilichobadilika ni unyevu tu. Na jawabu mojawapo linajulikana miaka mingi: vichanja, zile meza za nyavu zilizoinuliwa kutoka chini ili hewa ipite juu na chini na mchanga usiguse. Vipo sehemu mbalimbali za mwambao wa ziwa. Mbona basi watu wengi bado wanaanika chini? Ni gharama ya mbao? Mnunuzi haongezi bei kwa dagaa safi? Eneo la kuanikia si la mtu, kwa hiyo nani atajenga kichanja kwenye ardhi ya wote?

Unaona kilichotokea? Tumeanza na kemia, tukapita mikrobiolojia, tukaishia kwenye uchumi na umiliki wa ardhi, na bado tuko kwa baba yako. Hilo ndilo swali lako. Wewe umekaa nalo tangu ukiwa mdogo na hukujua kuwa ni mali. Ukilishika hilo mkononi ndipo ukifungue kitabu cha kozi za chuo, utakisoma kwa macho mengine. Hutatafuta cha kusifia, utatafuta nani kati yao anahangaika na jambo linalofanana na lako.

Nikupe mfano wa chuo ambacho sicho chako, ili usije ukaninakili. Pale Duluth, kwenye Chuo Kikuu cha Minnesota, kuna kituo kinaitwa Large Lakes Observatory, kazi yake ni kuchunguza maziwa makubwa ya dunia. Mji wenyewe uko ufukweni mwa Ziwa Superior, ambalo kwa eneo ndilo ziwa kubwa kuliko yote ya maji baridi, likifuatiwa na hili letu lenye kilomita za mraba 68,000 na ushee. Mwaka 1996 Thomas Johnson wa kituo hicho na wenzake walichapisha utafiti wa tope lililochimbwa chini ya Ziwa Victoria, ulioonyesha kwamba miaka kama 15,000 iliyopita ziwa hili lilikuwa limekauka. Limekauka! Na furu, wale samaki wa ziwa letu wa aina mamia tunaowasikia, walichipuka baada ya maji kurudi. Meli yao ya utafiti, Blue Heron, zamani ilikuwa meli ya uvuvi.

Mwanafunzi mvivu angeandika: "Navutiwa na Large Lakes Observatory, kituo mashuhuri duniani." Hiyo ni sifa ileile, imevaa nguo mpya tu. Wao wanajua kuwa wana kituo. Mwanafunzi aliyekulia Kirumba angeandika kwamba ziwa lao lina kina cha zaidi ya mita 400 na letu linafika 80 tu pale lilipozama zaidi, kwa hiyo mbolea na majitaka yanayoingia hapa hayana pa kujificha, na angependa kujifunza kupima maji kwenye ziwa lenye baridi na kina ili arudi akijua kipi cha ziwa letu ni cha kawaida na kipi ni ugonjwa. Halafu angesema, kwa sentensi moja tu, kwamba meli iliyoacha kuvua samaki ikaanza kuvua maswali ingemchekesha baba yake. Ziba jina la chuo kwenye insha hiyo uone kama inasomeka. Haisomeki. Hapo ndipo tunapotaka kufika.

Usidhani lazima chuo kiwe na ziwa. Chukua Grinnell, chuo kidogo kule Iowa katikati ya mashamba ya mahindi. Sifa yake inayonukuliwa na kila mwombaji ni kwamba hakina orodha ndefu ya masomo ya lazima: kuna semina moja ya mwaka wa kwanza, mengine unapanga na mshauri wako. Ukiandika "napenda uhuru huo" umeungana na maelfu. Ukiandika kwamba swali lako la dagaa haliwezi kujibiwa na kemia peke yake, kwamba unataka kukaa na kemia asubuhi na uchumi mchana bila kuambiwa uchague, kisha ukataja kozi mbili kwa majina yake zinazokutanisha mambo hayo, uhuru ule umepata kazi ya kufanya. Uzuri wa chuo si sababu mpaka ueleze utautumiaje.

Sasa ukweli wako, ule uliosema huwezi kuuandika: pesa.

Kwanza, usione haya. Mtoto wa muuza dagaa anayeangalia ufadhili kabla ya kitu kingine ana akili timamu. Ila ujue mahali pa kuuweka ukweli huo. Hali ya fedha ya nyumbani ina fomu zake, vyuo vingi vinatumia CSS Profile, vingine vina fomu yao wenyewe, na humo andika kila shilingi bila kupamba wala kuficha. Maneno 250 si mahali pake, kwa sababu ukisema umekichagua chuo kwa vile kinatoa ufadhili, umekiambia kwamba chuo kingine chochote kinachotoa ufadhili kingekutosha. Ujue pia kwamba ni vyuo vichache sana ambavyo, kwa mwanafunzi wa nje, havitazami uwezo wake wa kulipa wakati wa kuamua kumkubali: Harvard, Yale, Princeton, MIT, Amherst na vingine vya kuhesabika. Kwingineko, ukiomba msaada mkubwa unapimwa kwa mzani mkali zaidi, na insha kama hii ni mojawapo ya vitu vichache ulivyonavyo mkononi.

Lakini nyuma ya pesa mara nyingine kuna jambo. Kuna Berea, kule Kentucky, chuo kilichoanzishwa mwaka 1855, ambacho hakitozi ada ya masomo, na kila mwanafunzi hufanya kazi chuoni angalau saa kumi kwa wiki. Binti mmoja niliyemsaidia zamani alikuwa ameandika mistari yote kuhusu hiyo ada. Nikamuuliza: na hizo saa kumi? Akasema, hizo si tatizo, Mwalimu, mimi nimeosha vyombo vya mama lishe Buzuruga tangu darasa la tatu. Tulikaa kimya kidogo sote wawili. Insha yake mpya haikuwa na neno ada. Ilikuwa juu ya chuo ambacho mtoto wa tajiri hayupo wa kuhudumiwa na mtoto wa maskini, kila mtu ana ufagio wake, na yeye anajua ufagio unafundisha nini kuhusu watu. Pesa ilikuwa imempeleka mlangoni. Sababu aliikuta ndani. Jiulize chuo chako kinatoa ufadhili kwa nini: kinaamini nini juu ya watu kama wewe, na unakubaliana nacho?

Na huyo kaka wa mtaani, usimtupe. Kumtaja kwamba alisoma huko hakusaidii, ni sawa na kusema umefuata mkumbo. Yeye ni kisima. Mpigie umuulize maswali ya mtu anayenunua ng'ombe: Ni darasa gani lilimtesa? Profesa gani alimkuta ofisini bila miadi? Jumamosi watu wanafanya nini? Kitu gani hakukipenda, ambacho tovuti haisemi? Mtu akikwambia kwamba chumba cha chini cha maabara ya kemia kina mashine ya kahawa mbovu na ndipo wanafunzi wote wa mwaka wa tatu wanapokesha, una kitu ambacho waombaji wengine hawana.

Mengine utayapata mwenyewe, na bando halihitaji kuwa kubwa. Kurasa za maandishi ni nyepesi. Achana na ukurasa wa mbele wa tovuti wenye picha za vijana wanacheka kwenye majani, huo umetengenezwa na watu wa matangazo. Nenda kwenye orodha ya kozi za idara, kurasa za walimu wa idara hiyo na utafiti wao, na gazeti la wanafunzi kama wanalo. Gazeti la wanafunzi silichoki kulisifia: humo ndimo wanamogombana kuhusu chakula, kodi za vyumba na maamuzi ya mkuu wa chuo, na ugomvi wa nyumba ndio unaokuonyesha nyumba. Zihifadhi kurasa hizo kwenye simu, usome bila intaneti. Vikao vya mtandaoni vya kuwakaribisha waombaji navyo hudhuria kimoja ukiweza, ila piga hesabu ya saa: mwezi wa kumi, saa moja jioni ya Minnesota ni saa tisa usiku ya Mwanza. Wengi hurudia vikao kwa ajili ya Afrika na Asia, uliza. Pia kuna washauri wa EducationUSA, walio chini ya ubalozi wa Marekani Dar es Salaam, na ushauri wao ni bure. Mtu akikudai laki kadhaa kwa habari zilezile, mwambie asante, umeshapata.

Kuandika kwenyewe sasa. Usianze kwa Kiingereza. Chukua simu, nenda ukakae pale mwaloni jioni, jirekodi kwa Kiswahili kana kwamba unamweleza bibi yako kwa nini unataka kwenda mbali hivyo kwa watu usiowajua. Bibi hatakubali "mazingira mazuri ya kujifunzia". Atasema, kwani hapa pana mazingira gani? Na wewe utalazimika kusema kitu cha kweli. Kama bibi yako ni wa Kisukuma, zungumza Kisukuma. Kisha sikiliza, andika yale yaliyotoka, ndipo uyapeleke kwenye Kiingereza kwa sentensi fupi. Kiingereza cha kwenye insha yako ya sasa ni kirefu kwa sababu hakikuwa na cha kubeba, kikajibebesha chenyewe.

Kuhusu zile programu za akili bandia, najua vijana wote mnazo kwenye simu. Kuiomba ikueleze neno gumu au ikuonyeshe kosa la sarufi, sina neno. Kuiomba iandike ni jambo jingine: Common App imeweka wazi kwamba kuwasilisha maandishi yaliyotungwa na akili bandia kama yako ni udanganyifu, na adhabu yake inaweza kukufuta. Mbali na sheria, programu hiyo haijawahi kukimbia na turubai kuufunika mzigo wa dagaa. Itakuandikia ileile insha ambayo tumeiziba kwa kidole.

Kuna mtego mwingine ambao wanafunzi wetu wanaupenda: machozi. Wameaminishwa kwamba mzungu hatoi kitu mpaka alie. Basi insha inajaa kandambili zilizokatika, kibatari, njaa. Kama mambo hayo ni ya kweli na yanahusika, yataje kwa sentensi moja kavu na uendelee. Lakini msomaji wa maombi anatafuta mtu wa kukaa naye darasani miaka minne. Dagaa walioharibika kwenye insha yako wasiwe ombi la huruma. Wawe tatizo la kisayansi ambalo umelikaribia kuliko mwombaji yeyote wa mwaka huu.

Nakuandikia aya ya mfano, nawe usiichukue, maana mimi si mtoto wa mwaloni. Ni ya kukuonyesha mwendo tu:

"Mvua ikianza ghafla, familia yetu ina dakika chache za kuokoa kazi ya usiku mzima. Mwaka huu tulichelewa. Dagaa waliokuwa wauzwe kwa chakula cha watu waliuzwa kwa chakula cha kuku, na mimi nilibaki na swali ambalo mwalimu wangu wa kemia na mwalimu wangu wa jiografia kila mmoja alijibu nusu. Katika kozi yenu ya kemia ya chakula nimeona wanafunzi wanapima jinsi mafuta yanavyoharibika katika vyakula vya kawaida. Nataka kuleta chakula kisicho cha kawaida kwenu na cha kila siku kwetu, nikipime."

Aya hiyo kwa Kiingereza itakula maneno kama 90. Zinabaki 160, za kutaja jambo la pili la chuo linaloendana nawe, na hapo usilazimishe liwe la masomo. Kama unapenda kwaya, ikiwa wana kwaya na unajua inaimba nini, sema. Mambo mawili yaliyoshikwa vizuri yanatosha. Ukianza kutaja la tatu na la nne, unarudi kwenye matangazo. Ukikutana na chuo kinachotaka kifupi zaidi, Yale kwa miaka kadhaa imeuliza swali hilihili kwa maneno 125, bakisha moja tu.

Nikuungamie kosa langu, kwa kuwa nimekukosoa sana. Miaka ya nyuma nilikuwa na kijana mwerevu aliyeomba vyuo vingi, na kwa haraka tukawa tunahamisha aya kutoka insha moja kwenda nyingine. Nikasoma ya mwisho saa sita usiku kwenye steshenari, mwenye duka anataka kufunga, nikasema tuma. Asubuhi tukagundua kuwa kwenye mstari wa nne kulikuwa na jina la chuo kingine. Hakukubaliwa pale. Sina hakika kama ni kwa sababu ya mstari ule, lakini tangu siku hiyo mwanafunzi wangu hatumi kitu usiku, na haombi zaidi ya vyuo vinane. Sita ni bora. Kila kimoja na insha yake, iliyoanzia kwenye ukurasa mtupu.

Jambo dogo nje ya swali, kwa sababu najua utaulizia Uingereza pia: kule mambo ni kinyume. Kupitia UCAS, mfumo wao wa kuombea vyuo, unapeleka maelezo mamoja kwa vyuo visivyozidi vitano, kwa hiyo ukitaja kimoja umewaudhi wanne. Kwa wanaoingia kuanzia mwaka 2026 maelezo hayo yamegawanywa katika maswali matatu, jumla herufi 4,000 pamoja na nafasi, na swali la kwanza linahusu kwa nini unataka kusoma somo hilo, si chuo hicho. Dagaa wako watakufaa na huko, ila kwa kemia yao zaidi.

Muda unao kiasi. Vyuo vingi vya Marekani vina tarehe ya mapema karibu na Novemba 1 na ya kawaida karibu na Januari 1, majibu ya kawaida yanatoka hadi mwishoni mwa Machi. Usikimbilie ile ya mapema, hasa ile inayokufunga kwenda ukikubaliwa, kabla hujajua chuo kitakupa kiasi gani. Barua za walimu ombeni sasa, walimu wetu ni wakarimu lakini Desemba hawapatikani.

Nitumie rasimu mpya ukiwa tayari, hata kama ni ya Kiswahili, na sauti uliyojirekodi kama haikuonei haya. Kabla ya hapo, kamuulize baba yako jambo moja, usimwambie ni la insha: aliwahi kufikiria kujenga vichanja? Kama aliwahi, aliachia wapi, na kwa nini?